Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Mafundi wa Bastola za Shabaha

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini unaifaa vilevile bastola. Siku ya mashindano ya shabaha askari husimama mstarini, miguu imekaza ardhi, mkono mmoja mfukoni na wa pili umenyooka mbele. Huvuta pumzi, akaituliza, kisha akafyatua. Risasi ikiingia katikati ya duara jeusi, watu humpigia makofi na jina lake hutangazwa. Hakuna anayeuliza habari za yule aliyebaki nyuma karakanani, ameinamia jiliwa, mikono yake imejaa mafuta na unga wa chuma. Hata hivyo, bila ya huyo aliye karakanani, yule wa mstarini asingepata cha kujivunia.

Makala haya yanaeleza habari za mafundi hao: wanachokifanya, kwa nini wanakifanya, na jinsi kazi iliyoonekana kuwa ya mchezo ilivyokuja kuwafaa askari walio katika hatari. Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Marekani, ambako ufundi huu ulikuzwa ndani ya majeshi yenyewe, na kwa hiyo habari zake zinajulikana vizuri.

BASTOLA ILIYOUNDWA KWA AJILI YA MATOPE

Bastola inayohusika zaidi katika habari hizi ni ile iliyobuniwa na John Browning na kupokewa rasmi na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911. Kwa sababu ya mwaka huo ilipewa jina la M1911. Upana wa risasi yake ni sehemu 45 za mia za inchi, yaani milimita 11 na ushei. Magazini yake hubeba risasi saba. Na uzito wake ni kilo moja na kidogo. Ilitumika katika Vita Kuu vyote viwili na katika vita vya Korea na Vietnam, na ilikuwa bastola ya kawaida ya majeshi hayo hadi mwaka 1985.

Kabla ya kupokewa, bastola hiyo ilitiwa katika majaribio makali. Ilipigishwa risasi 6,000, na haikukwama hata mara moja. Sababu moja ya ushupavu huo ilikuwa kwamba sehemu zake hazikubanwa sana. Kati ya chuma na chuma paliachwa nafasi ndogo, ili mchanga, matope na masizi ya baruti yapate pa kukaa bila kuizuia silaha kufanya kazi. Ukiishika bastola ya namna hiyo na kuitikisa, utaisikia ikigongana ndani kama kifuniko juu ya sufuria.

Kwa askari aliye handakini, kelele hiyo ni ya heri, maana adui yu karibu na silaha haina budi kulia kila inapofyatuliwa. Lakini kwa mpigaji shabaha, kelele hiyo hiyo ni msiba. Na hapo ndipo inapoanza kazi ya fundi.

MLANGO USIOFUNGIKA SAWASAWA

Ili kuifahamu shida yenyewe, yafaa tutazame kinachotokea ndani ya bastola hiyo inapofyatuliwa. Bastola ina sehemu tatu kubwa. Chini kuna kiunzi, ambacho ndicho chenye mpini. Juu ya kiunzi kuna kipande kirefu kinachokwenda mbele na nyuma juu ya reli. Hicho tukiite kitelezi. Ndani ya kitelezi umo mtutu, ambao urefu wake ni inchi tano, yaani milimita 127.

Risasi inapotoka, mtutu na kitelezi hurudi nyuma pamoja kwa hatua ndogo sana, vikiwa vimeshikana kwa meno yaliyo mgongoni mwa mtutu. Kisha kiungo kidogo kilicho chini ya mtutu huuvuta ushuke upande wa nyuma, meno yakaachana, nacho kitelezi kikaendelea peke yake. Kikifika mwisho kimekwisha kulitupa nje ganda tupu. Springi hukisukuma kirudi mbele. Njiani hubeba risasi mpya kutoka kwenye magazini, humwinua tena mtutu, na meno yakashikana kama mwanzo. Yote hayo hutokea upesi kuliko kupepesa jicho.

Basi swali la fundi ni moja tu: je, mtutu umerudi pale pale ulipokuwa? Kwa maana kilengeo kiko juu ya kitelezi, na jicho la mpigaji hutazama kilengeo, wala haliuoni mtutu. Ikiwa mtutu umerudi umeinama kidogo tu, jicho litalenga mahali pamoja na risasi itakwenda mahali pengine. Ni sawa na mlango wenye bawaba zilizolegea: leo unafungika hapa, kesho pale, na mwenye nyumba hajui lawama ampe nani.

Hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya. Mashindano ya bastola ya Kimarekani hupigwa kutoka yadi 50, ambazo ni karibu mita 46. Mtutu wa milimita 127 ukihama kwa upande mmoja kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia, risasi itafika kwenye shabaha ikiwa imepotoka sentimita tatu na nusu na zaidi. Nalo duara la ndani lenye alama kumi lina upana wa sentimita 8 na nusu tu, kiasi cha mdomo wa kikombe cha chai. Unene wa karatasi moja, basi, watosha kumpokonya mtu ushindi.

UWANJA WA CAMP PERRY

Mashindano ya taifa ya shabaha huko Marekani yalianza mwaka 1903, serikali ilipounda halmashauri ya kuhimiza mazoezi ya bunduki. Tangu mwaka 1907 uwanja mkubwa wa mashindano hayo umekuwa Camp Perry, katika jimbo la Ohio, kando ya ziwa Erie. Ni uwanja wa wazi, na upepo kutoka ziwani umewatoa machozi wengi waliofika hapo wakidhani wamekwisha kuwa mabingwa.

Kipimo kikuu cha mpiga bastola huitwa kwa hesabu ya alama zake, 2,700. Mshindani hupiga risasi 270 kwa aina tatu za bastola, na kila risasi yaweza kuleta alama kumi. Risasi nyingine hupigwa polepole kutoka yadi 50, kumi kwa dakika kumi. Nyingine hupigwa kutoka yadi 25, tano kwa sekunde 20. Na nyingine tano kwa sekunde 10 tu. Zote hupigwa kwa mkono mmoja. Ni nani aliyewahi kufikisha alama zote 2,700? Hakuna. Mwaka 1974 Hershel Anderson alipata 2,680, na alama hizo zilikaa miaka mingi zikiwatazama watu kutoka juu kama embe lililo kwenye tawi la mwisho.

Katika uwanja huo askari na polisi wamekuwa wakishindana bega kwa bega na raia. Harry Reeves, afisa wa polisi wa mji wa Detroit, alikuwa bingwa wa taifa mara sita. Sajini William Blankenship wa jeshi la nchi kavu naye akauchukua ubingwa huo mara sita katika miaka ya 1960. Majina yao yameandikwa vitabuni. Ya mafundi wao hayakuandikwa.

JESHI LAANZISHA KARAKANA

Kwa muda mrefu kazi ya kurekebisha bastola za mashindano ilifanywa na watu wachache, kila mmoja kwa siri zake. Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Kuu vya Pili. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwanajeshi wa Marekani Huelet Benner alijipatia medali ya dhahabu ya bastola ya mita 50 kwa alama 553. Lakini mwaka 1954, katika mashindano ya dunia huko Caracas, wapiga shabaha wa Urusi ya Kisovieti waliwatangulia wengine kwa mbali. Wakuu wa jeshi la Marekani wakaona kwamba kipaji cha mtu mmoja mmoja hakitoshi.

Tarehe 1 Machi 1956, kwa agizo la Rais Eisenhower, ambaye naye alikuwa mwanajeshi wa maisha, kikosi maalumu cha shabaha kiliundwa katika kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia. Kazi yake ilikuwa mbili: kushindana, na kuwafundisha askari wengine yale yaliyopatikana kwenye mashindano. Tangu siku hizo wapiga shabaha wa kikosi hicho wamejipatia medali zaidi ya 20 za Olimpiki.

Pamoja na kikosi ilijengwa karakana. Humo wakawekwa mafundi wa silaha, mafundi wa mashine za kukereza chuma, na watu wa kutengeneza risasi. Askari wa majini nao wakawa na karakana yao huko Quantico, jimbo la Virginia, na mafundi wao husomea kazi hiyo kama taaluma rasmi ya kijeshi. Kiwanda cha kale cha serikali kilichokuwa Springfield, jimbo la Massachusetts, nacho kilirekebisha bastola nyingi za mashindano ya taifa kabla hakijafungwa mwaka 1968.

JILIWA, TUPA NA MASIZI YA TAA

Fundi akipewa bastola ya ghalani, huanza kwa kuitenganisha yote na kuitazama. Hatafuti ubora bado, hutafuta ufa. Chuma chenye ufa hakirekebishiki, nacho huwekwa kando.

Kisha huanza na reli. Kitelezi kinatakiwa kiteleze juu ya kiunzi bila kucheza kushoto wala kulia, juu wala chini. Kwa njia ya zamani, fundi hukibana kitelezi kwenye jiliwa mpaka mbavu zake zisogeleane kidogo, na reli za kiunzi huzigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, akipima kila mara. Akigonga pungufu, hajafanya kitu. Akigonga kupita kiasi, ameharibu mali ya serikali. Baada ya hapo kitelezi hakiingii tena ila kwa shida. Ndipo fundi hupaka reli mafuta yenye unga wa kusagia, kama yale ambayo makanika hutumia kusagia vali za gari, na kukisukuma kitelezi mbele na nyuma kwa mkono, mara mia, mara mia nyingine, hata vyuma viwili vizoeane na kutelezana kama hariri.

Halafu huja mtutu. Mbele kabisa, mdomoni mwa bastola, kuna bushi ambayo mtutu hupita ndani yake. Bushi ya kawaida huwa pana. Fundi hutia nyingine nene ya chuma kigumu, akaikereza mpaka imkumbatie mtutu mdomoni, lakini isimzuie kuinama anapotakiwa kuinama. Upande wa nyuma, mafundi wa miaka ya kwanza walichomelea chuma kidogo juu ya mtutu uliochakaa, kisha wakakichonga kwa tupa hata kikalingana na nafasi yake. Baadaye viwanda vikaanza kutoa mitutu iliyoachwa minene kidogo kwa makusudi, ili fundi apunguze mwenyewe.

Namna ya kupunguza ni ya subira. Fundi huipaka sehemu hiyo rangi, au masizi ya taa, akaifunga bastola, kisha akaifungua. Pale palipogusana, masizi yamefutika. Hapo, na hapo tu, hupitisha tupa mara moja au mbili. Hupaka tena, akafunga tena, akafungua tena. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na mtu mwenye pupa hawezi kuifanya, kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi. Mama anayeshona gauni la harusi hujua jambo hilo: kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungwi kikapendeza. Pima mara mbili, kata mara moja.

UZITO WA KIDOLE

Jambo la tatu ni kifyatulio, ambacho askari wengi hukiita triga. Kikiwa kizito na chenye kukwaruza, kidole hukivuta kwa nguvu na bastola yote hutikisika. Kikiwa chepesi mno, silaha yaweza kulia kabla ya wakati wake, na hapo si alama zitakazopotea bali maisha ya mtu.

Kwa hiyo sheria imeweka mpaka. Katika mashindano ya kawaida ya bastola ya 45, kifyatulio hakitakiwi kufyatuka kwa uzito ulio chini ya ratili tatu na nusu, yaani karibu kilo moja na gramu 600. Katika mashindano ya bastola ya kijeshi, mpaka ni ratili nne, kiasi cha kilo moja na gramu 800. Uzito huo hautajwi kwa mdomo. Jiwe la mizani hutundikwa kwenye kifyatulio, bastola ikainuliwa. Nyundo ikianguka, silaha imekataliwa.

Kazi ya fundi hapo si kukifanya kifyatulio kiwe chepesi tu. Hung'arisha nyuso mbili ndogo sana za chuma, ile ya nyundo na ile ya kibanio kinachoishika, ziachane kwa ghafula na usafi, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Wala hapana ruhusa kwa askari wa kawaida kujaribu jambo hili nyumbani au ghalani kwa tupa ya kuazima. Silaha nyingi zimegeuka kuwa hatari mikononi mwa watu waliodhani wanazitengeneza.

MKONO AU CHUMA?

Bastola ikiisha, haikabidhiwi kwa maneno matamu. Hufungwa kwenye kitako kizito cha chuma kisichotikisika, nayo hupigishwa risasi kutoka yadi 50. Hapo hapana mkono wa binadamu, hapana pumzi, hapana woga. Karatasi iliyotobolewa hueleza ukweli mtupu. Risasi zikikusanyika ndani ya duara la kumi, kazi imekubaliwa. Zikitawanyika, fundi hurudi kwenye jiliwa.

Kitako hicho kimeamua ugomvi mwingi. Katika kila kikosi yuko mpigaji ambaye, akikosa, huilaumu silaha. Huja karakanani amekunja uso, akisema bastola imeharibika, kilengeo kimehama, risasi si nzuri. Fundi mzoefu habishani naye. Huichukua bastola, akaifunga kwenye kitako, akapiga risasi kumi mbele ya macho yake, kisha akampa karatasi aiangalie mwenyewe. Mara nyingine kosa huwa ni la chuma kweli, na fundi hukiri. Lakini mara nyingi zaidi karatasi husema kwamba bastola haina hatia.

Walimu wa shabaha nao wana njia yao ya kumjulisha mtu kosa lake bila kumwaibisha. Huchanganya risasi za kweli na risasi bandia zisizo na baruti, bila mpigaji kujua ipi ni ipi. Afikapo kwenye ile bandia, bastola hailii. Lakini kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, huona mdomo wa bastola ukiinama kwa sababu mkono ulijikaza kwa kuogopa kishindo ambacho hakikutokea. Tangu siku hiyo hailaumu silaha tena. Huanza kujifunza.

Na hiyo ndiyo faida kubwa ya bastola iliyotengenezwa vizuri, kupita hata medali: humwondolea mtu udhuru. Kwa miaka mingi askari waliambiana kwamba bastola ya 45 haiwezi kumpiga ng'ombe aliye ndani ya zizi. Mafundi walipoonyesha kwamba bastola ile ile, kwa chuma kile kile, yaweza kuzitia risasi kumi ndani ya mdomo wa kikombe kwa umbali wa karibu mita 46, uvumi huo ulikosa mahali pa kukaa.

KUTOKA UWANJANI HADI VITANI

Wako waliouliza, na swali lao lilikuwa la haki: kuna maana gani kutumia fedha za umma kwa bastola za mchezo, hali askari wako vitani? Mwaka 1968, vita vya Vietnam vilipokuwa vikila fedha nyingi, serikali ya Marekani iliondoa fedha zake katika mashindano ya taifa. Mashindano hayakufa, lakini mzigo wake ulibebwa zaidi na chama cha wapiga shabaha na watu wa kujitolea.

Jibu la swali hilo lilitoka katika vita hivyo hivyo. Jeshi lilipohitaji bunduki sahihi kwa walenga shabaha wake huko Vietnam, halikuwa na haja ya kuanza upya. Bunduki za M14 zilizokuwa zimetengenezwa kwa ufundi wa mashindano ndizo zilizofungwa darubini, zikapelekwa kwenye medani mwaka 1969. Ujuzi ulikuwa umekwisha kukusanywa uwanjani, siku za amani, na watu walioonekana kama wanacheza.

Upande wa bastola mfano ulio wazi zaidi ulikuja katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 majeshi ya Marekani yaliiacha M1911 na kuchukua bastola mpya ya Beretta, ya milimita 9, iliyoitwa M9. Lakini baadhi ya askari wa majini waliofundishwa kazi za hatari, kama kuingia ndani ya majumba na meli kuwaokoa mateka, walitaka kubaki na 45. Serikali haikuwa imenunua bastola mpya za aina hiyo tangu mwaka 1945. Basi mafundi wa Quantico waliingia ghalani, wakachagua viunzi vya zamani vilivyokuwa bado vizima, vingine vikiwa na umri mkubwa kuliko askari waliotazamiwa kuvitumia, na kuvijenga upya kimoja kimoja kwa mkono. Walitia mitutu mipya, bushi mpya, vilengeo vinavyoonekana vizuri, na vifyatulio safi.

Hapo fundi alikabiliwa na mtihani mgumu kuliko wa Camp Perry. Bastola ya mashindano hubanwa kabisa, kwa sababu haitaingia matopeni. Bastola ya kuokolea mateka hainabudi kuwa sahihi, maana mateka na adui husimama karibu karibu. Lakini pia haina ruhusa ya kukwama. Ikibanwa mno, mchanga utaishika. Ikilegezwa mno, risasi itampata asiye na hatia. Kati ya mipaka hiyo miwili ipo njia nyembamba, na mtu pekee awezaye kuipita ni yule aliyekwisha kugusa vyuma mia kadhaa akajua kwa vidole vyake ni wapi pa kubana na ni wapi pa kuachia. Bastola hizo zilitumika kwa zaidi ya miaka 20, hata mwaka 2012 zilipoagizwa mpya kutoka kiwanda cha Colt.

Nayo M9 ilipokuja, mafundi hawakuruhusiwa kunung'unika. Kiunzi chake si cha chuma bali ni cha madini mepesi ya aluminiamu, na mtutu wake hufungwa kwa njia nyingine kabisa. Mbinu nyingi za zamani hazikuifaa. Watu waliokuwa walimu kwa miaka mingi wakalazimika kuwa wanafunzi tena, na hapana aibu katika hilo. Elimu haina mwisho.

MAMBO YA NYUMBANI

Huenda mama wa nyumbani asomaye ukurasa huu akauliza, haya yananihusu nini? Yanamhusu kwa mambo matatu.

La kwanza ni usalama. Mafundi waliozoea silaha kuliko mtu yeyote ndio wanaoziogopa kwa adabu kuliko mtu yeyote. Hakuna fundi anayepokea bastola kutoka mkononi mwa mwenzake bila kuifungua na kutazama kwa macho yake kama ni tupu, hata kama mwenzake ameifungua sasa hivi mbele yake. Mtoto wa askari au wa polisi afundishwe jambo moja tangu akiwa mdogo: silaha haiguswi, na akiiona mahali isipostahili kuwa, amwite mkubwa. Na mahali pake panapostahili ni ghalani, chini ya kufuli, wala si chini ya mto wa kulalia.

La pili ni risasi yenyewe. Ndani ya risasi nyingi mna madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vumbi lake huelea hewani mahali pa kupigia shabaha, hasa penye paa, likashika mikono, nywele na nguo. Watu wazima hudhurika nayo, na watoto wachanga hudhurika zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo baba arudipo kutoka shabahani, asimbebe mtoto kabla hajanawa mikono na uso kwa sabuni. Asile wala asivute sigara huko huko na mikono michafu. Nguo alizovaa zivuliwe na kufuliwa peke yake, zisichanganywe na nepi wala na shuka za watoto.

La tatu ni masikio. Kishindo cha bastola huua usikivu kidogo kidogo, bila maumivu, hata siku moja mtu akawa haisikii sauti ya mwanawe akimwita kutoka chumba cha pili. Masikio yakifa hayafufuki. Kuyaziba wakati wa shabaha si woga. Hata mabingwa huyaziba.

HESHIMA YA MTU ASIYEONEKANA

Katika kila kambi yuko mtu wa ghala la silaha. Saa za kazi yake hazina makofi. Huhesabu, husafisha, hupaka mafuta, hubadilisha springi iliyochoka kabla haijavunjika. Askari wengine hupita mlangoni kwake wakimwona kama mlinzi wa vyuma tu. Lakini siku ambayo askari au polisi atasimama peke yake, usiku, mbele ya mtu mwenye nia mbaya, uhai wake utakuwa mikononi mwa yule aliyekuwa akisugua chuma mchana.

Mchezo wa shabaha leo huwakutanisha wanajeshi wa nchi nyingi. Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, lililoundwa mwaka 1948 na nchi tano za Ulaya, sasa lina nchi wanachama kutoka kila bara, zikiwamo nchi nyingi za Afrika, na wito wake ni urafiki kwa njia ya michezo. Nchi isiyo na karakana kubwa kama za Fort Benning na Quantico haina sababu ya kukata tamaa. Mashine za bei kubwa hununuliwa. Subira, macho makali na uaminifu wa kupima tena jambo lililokwisha kupimwa havinunuliwi dukani. Hivyo hukuzwa ndani ya mtu, kama vile chuma kinavyosagwa: mbele na nyuma, mara mia, mara mia nyingine.

Basi siku tutakapomshangilia bingwa aliyetia risasi zake kwenye duara la kumi, tukumbuke kuuliza, na jahazi hili aliliunda nani?